Kibali cha kubeba bastola Marekani unacho. Mafunzo uchukue yapi? Njia tano zikipimwa pamoja

Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu mzima asiye na rekodi ya jinai anaweza kununua bastola asubuhi na jioni akawa nayo kiunoni, chini ya shati, bila kumwona mwalimu hata mmoja. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai tena kibali, na Texas iliingia katika kundi hilo Septemba 1, 2021. Kwingine mambo ni tofauti kabisa. New York inadai saa 16 za darasani na saa 2 za kufyatua risasi uwanjani. Illinois nayo inadai saa 16. Kwa hiyo Wakenya wawili, mmoja wa Dallas na mwingine wa Chicago, wanaweza kubeba bastola ya aina ileile, mmoja akiwa amekaa darasani siku mbili na mwenzake hajakaa hata dakika moja.

Makala haya hayamshawishi mtu abebe silaha, wala hayamkatazi. Yanamhusu yule aliyekwisha kuamua, ana kibali au anaishi jimbo lisilodai kibali, na sasa amekwama: kuna darasa la jimbo, kuna kozi za wikendi, kuna mashindano, kuna mazoezi ya kuigiza mashambulizi, kuna jiu-jitsu, mapambano ya kukabana bila silaha. Kila upande una watu wanaoapa kwamba kwao ndiko kwenye ukweli. Pesa haitoshi kwa vyote, na muda ndio kabisa, hasa kwa anayefanya kazi mbili.

Kabla ya mafunzo yoyote, angalia hati zako. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye green card kumiliki bunduki. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo au ya kutembea, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala hata risasi moja, na vighairi ni vichache. Tena kosa la silaha kwa asiye raia haliishii kwenye faini au jela. Linaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama umeishi hapa miaka 20 na watoto wako wamezaliwa hapa. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata wowote, dola zako za kwanza mpelekee wakili wa uhamiaji kabla ya kumfikia mwalimu wa bastola.

Vipimo tutakavyotumia

Mwalimu mmoja aliyefundisha Memphis, Tom Givens, amekusanya kwa miaka mingi habari za wanafunzi wake zaidi ya 60 waliolazimika kutumia bastola kujitetea. Matukio mengi yalitokea kwa umbali wa karibu urefu wa gari, mara nyingi kwenye maegesho, dukani au mlangoni. Mwaka 1983 polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani mita 6 na kidogo, kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Muda huohuo ndio askari aliyefunzwa anaouhitaji kutoa bastola na kufyatua. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, unaona kwamba tukio lenyewe liko karibu sana na ni fupi sana, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kichwa kabla mkono haujasogea.

Kwa sababu hiyo nimeipima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni uamuzi: je, inakufundisha lini utoe bastola na lini usiitoe, kwa sheria ya jimbo lako? La pili ni ustadi wa mkono: kuitoa bastola ndani ya nguo bila kujiumiza, kupiga unapolenga, kuirekebisha ikikwama, kuirudisha salama. La tatu ni presha: je, kuna kitu kinachokusukuma, saa inayokimbia au mtu anayekujibu? La nne ni yanayofuata: simu ya 911, polisi wanaofika wasikujue, majeruhi, wakili. La tano ni gharama na muda. Kisha nasema kila njia inamfaa nani.

1. Darasa la kibali la jimbo

Watu huliona kama kero ya kupita tu, na nadhani wanakosea. Katika njia zote tano, hili ndilo pekee linalokuketisha mbele ya sheria ya jimbo lako. Darasa la Texas huchukua saa 4 hadi 6 na linagusa matumizi ya nguvu inayoweza kuua, kutatua ugomvi bila vurugu, na kuhifadhi silaha mbali na watoto. Tofauti za sheria kati ya jimbo na jimbo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Florida tangu 2005 ina sheria inayosema mtu aliye mahali halali hana wajibu wa kukimbia kwanza kabla ya kujitetea. Minnesota, ukiwa nje ya nyumba yako, unatakiwa kuondoka kama unaweza kuondoka salama. Kitendo kilekile kinaweza kuonekana ni kujitetea mjini Miami na kukupeleka mahakamani kwa kesi ya mauaji mjini Minneapolis.

Kwa upande wa uamuzi, basi, linapata alama nzuri ikiwa mwalimu ni mzuri. Baadhi humleta wakili kwa saa moja. Uliza kabla ya kulipa, maana saa hiyo moja inaweza kuwa na thamani kuliko darasa zima. Ustadi wa mkono ni mdogo. Mtihani wa Texas ni risasi 50 kwa yadi 3, 7 na 15, na ukipata asilimia 70 umefaulu. Hutoi bastola kiunoni hata mara moja. Presha karibu hakuna. Yanayofuata tukio husemwa kwa maneno, lakini hayafanyiwi mazoezi. Gharama mara nyingi iko kati ya dola 50 na 150, na siku moja inatosha katika majimbo mengi.

Linamfaa kila anayebeba, hata pale ambapo jimbo halilidai. Kwa mwenzetu wa Texas asiyetakiwa kuwa na kibali, kuna sababu mbili za kukichukua hata hivyo. Moja, majimbo mengine mengi hukitambua kibali cha Texas, ilhali baadhi yake hayamruhusu mtu anayebeba bila karatasi. Pili, sheria ya shirikisho inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, na mwenye kibali cha jimbo hilo ana msamaha ambao asiye na kibali hana. Ukiendesha gari mjini, ni vigumu kupita siku nzima bila kukatiza karibu na shule.

Madereva wa lori wasome hili mara mbili. Mwaka 2013 Shaneen Allen, mama wa Pennsylvania mwenye kibali halali cha jimbo lake, alisimamishwa barabarani New Jersey. Akamwambia polisi mwenyewe, kwa moyo mweupe, kwamba ana bastola na kibali. New Jersey haitambui vibali vya majimbo mengine. Alikamatwa, akakabiliwa na hatari ya kifungo cha miaka, na hatimaye gavana alimsamehe mwaka 2015. Hakuna kozi ya kulenga shabaha ambayo ingemwokoa. Saa moja ya sheria ingetosha.

2. Kozi ya bastola ya siku mbili au zaidi

Hapa ndipo mkono unapofundishwa. Kozi ya kawaida ya wikendi hutumia risasi 500 hadi 1,000. Unaanza polepole: mshiko, kidole kukaa nje ya kifyatulio, kuinua shati kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika bastola, kuitoa, kufyatua, kutazama pande zote, kuirudisha bila haraka. Usiichukulie ndogo sehemu hiyo ya kuirudisha. Watu hujipiga risasi ya paja wakati wa kurudisha bastola kwenye mfuko wake, kwa sababu ya upindo wa shati ulioingia kwenye kifyatulio au kidole kilichobaki pale. Mwalimu mzuri atakuambia ukweli kwamba hakuna tuzo kwa anayerudisha haraka.

Mtindo huu wa mafunzo una historia. Mwaka 1976 Jeff Cooper, afisa wa zamani wa kikosi cha Marines cha Marekani, alianzisha shule karibu na Paulden, Arizona, ambayo leo inaitwa Gunsite. Kozi yao maarufu ya bastola ni ya siku tano. Kanuni zake nne zimesambaa dunia nzima: kila bunduki ichukuliwe ina risasi, usielekeze mdomo wake kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio hadi umelenga, uijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Cooper pia alifundisha ngazi za kuwa macho kwa rangi, kuanzia nyeupe, ya mtu aliyezama kwenye simu yake, hadi nyekundu, ya mtu aliye tayari kupambana. Mimi naona fundisho hilo la rangi lina manufaa kuliko nusu ya vifaa vinavyouzwa madukani.

Kwa uamuzi, kozi hizi zinatofautiana sana. Nyingine zina mhadhara mzuri wa sheria na fikra, nyingine ni risasi tu kuanzia asubuhi. Kwa presha, kuna saa na kuna macho ya wenzako, lakini shabaha ya karatasi haikutukani, haisogei kando, haigeuki ikawa kijana aliyekosea nyumba. Gharama ni dola 400 hadi 700 kwa walimu wengi, bila kuhesabu risasi, ambazo kwa kozi ya risasi 800 si pesa ndogo. Kozi za siku tano kwenye shule kubwa ni zaidi ya hapo mara kadhaa, na kuna hoteli.

Inamfaa mtu ambaye hajawahi kutoa bastola kiunoni chini ya usimamizi. Kama ndiye wewe na bado unaibeba kila siku, ningeiweka hii mbele ya mashindano na mbele ya maigizo, kwa usalama wako mwenyewe.

Jambo la kuzingatia kwa wenzetu: maelekezo hutolewa kwa Kiingereza cha haraka, ukiwa umeziba masikio. Nunua viziba-sauti vya umeme vinavyopitisha maneno na kuzuia mlipuko, na mwambie mwalimu mapema kwamba utamwomba arudie. Anayekereka kwa hilo si wa kumlipa. Muulize pia wanafunzi ni wangapi kwa kila mwalimu, nani anajua huduma ya kwanza, na hospitali iliyo karibu iko wapi. Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho, mwache. Kwa watu weusi wanaotaka kujifunza bila kutazamwa kwa mashaka, Chama cha Kitaifa cha Wamiliki wa Bunduki Weusi, NAAGA, kilichoanzishwa Atlanta mwaka 2015, kina matawi katika miji mingi. Wanawake wana kundi la A Girl & A Gun, ambalo wengi huliona jepesi zaidi kuanzia.

3. Mashindano

IDPA, chama cha mashindano ya bastola ya kujitetea, ilianzishwa mwaka 1996 na watu walioona kwamba mashindano ya kulenga yamekuwa ya vifaa vya kifahari mno. Wao walitaka bastola za kawaida, zitoke chini ya koti, na mshindani ajifiche nyuma ya kizuizi. USPSA, chama kingine cha mashindano, ya tangu 1984, ina kasi zaidi na uhuru zaidi. Zote mbili zina mechi za mwezi kwa mwezi kwenye viwanja vya karibu miji yote mikubwa.

Ustadi unaoupata hapa ni mkubwa kwa bei ndogo. Kiingilio mara nyingi ni dola 20 hadi 40, unatumia risasi 100 hadi 150, na unaitoa bastola mara nyingi mbele ya msimamizi anayekulinda usivunje kanuni. Bastola yako ikikwama, itakwama mbele ya watu, na utajua siku hiyohiyo kama unaweza kuitengeneza au unabaki kuikodolea macho. Presha ni ya kweli kwa namna yake: mlio wa saa, mapigo ya moyo, aibu. Kuna shabaha zilizochorwa mikono wazi, za watu wasio na hatia, na ukizigonga unaadhibiwa.

Udhaifu wake uko kwenye uamuzi. Unaonyeshwa eneo kabla, unapanga hatua zako, kisha jibu ni kufyatua kila mara. Hakuna zoezi linaloisha kwa wewe kupanda gari na kuondoka, na hilo ndilo suluhisho la ugomvi mwingi wa barabarani. Yanayofuata hayapo kabisa. Msimamizi anakuambia uondoe risasi, mnahesabu alama. Wapo wanaosema mashindano yanakujengea tabia mbaya. Sikubaliani nao kwa sehemu kubwa. Mkono usiohitaji kufikiria namna ya kushika bastola unakiachia kichwa nafasi ya kufikiria mambo mengine.

Yanamfaa mtu aliyekwisha kujifunza kuitoa bastola salama na anayejijua kwamba bila ratiba hatafanya mazoezi. Hayamfai mgeni wa bastola kama hatua ya kwanza, ingawa kwenda kutazama mechi moja bila kushiriki hakugharimu kitu.

4. Mazoezi ya mtu kwa mtu

Hapa bastola halisi zinakusanywa na kufungiwa kando. Unapewa inayofyatua vidonge vya rangi, kama za kampuni ya Simunition, au ya hewa, pamoja na kinga ya uso. Kisha unaingizwa kwenye tukio. Uko kwenye maegesho, mtu anakuja akiuliza saa. Uko kaunta, wawili wanagombana nyuma yako. Umeamka usiku, kuna mtu jikoni. Waigizaji wanakusemesha, wanakukaribia, wanakutukana, wanainua mikono. Mengi ya matukio hayo jibu lake sahihi ni kutofyatua, na watu wengi wenye shabaha nzuri sana hufyatua.

Kwa uamuzi na presha, sijui njia inayoikaribia hii. Unajifunza kusema: kusimamisha mtu kwa sauti kabla hajakufikia, kuomba radhi kwa ugomvi ambao si kosa lako ili uondoke, kugundua kwamba yule mwenye kitu cheusi mkononi ana simu. Unagundua pia jinsi macho yanavyobana na masikio yanavyoziba, na hilo halielezeki kwa mhadhara.

Ubora mwingine, na kwetu sisi ni mzito, ni yanayofuata. Novemba 22, 2018, katika jengo la maduka la Hoover, Alabama, Emantic Bradford, kijana mweusi wa miaka 21, alikuwa ameshika bastola baada ya milio ya risasi kusikika. Polisi mmoja alimpiga risasi na kumuua akidhani ndiye mshambuliaji. Juni 21, 2021, huko Arvada, Colorado, Johnny Hurley alimpiga risasi mtu aliyekuwa amemuua polisi. Alipookota bunduki ya mtu huyo, polisi mwingine akampiga risasi na yeye, akafa. Na wa Minnesota hawahitaji kukumbushwa Philando Castile. Julai 6, 2016, Falcon Heights, alikuwa na kibali, akamwambia polisi kwa utulivu kwamba ana silaha, na akauawa kwenye kiti cha gari lake, mwenzake na mtoto mdogo wakiwa ndani. Polisi yule alishtakiwa, na 2017 jopo la wananchi mahakamani lilimwachia.

Hakuna mafunzo yanayomhakikishia mtu mweusi kwamba haya hayatampata. Lakini kuna vitu vinavyopunguza hatari na vinavyoweza kufanyiwa mazoezi hadi mwili uvikumbuke: bastola irudi mahali pake mara hatari inapoisha, mikono wazi, simu ya 911 iseme umevaa nini na uko wapi, usigeuke ghafla sauti ikikuita nyuma. Barabarani, mikono juu ya usukani, taa ya ndani iwashwe, na ujue kama jimbo lako linakudai umwambie polisi mara moja, kama Michigan na North Carolina, au pale tu anapouliza, kama Minnesota. Ukitafuta kozi ya namna hii, uliza kama sehemu ya polisi kufika imo. Kama haimo, umelipia nusu.

Kwa ustadi wa mkono, usitarajie mengi; huu ni mtihani wa ulichonacho. Gharama ni dola 250 hadi 600 kwa siku, na kozi ni chache, huenda ukasafiri. Ubora unategemea waigizaji: wakitaka kukushinda badala ya kukufundisha, utatoka na hofu bila maarifa. Usalama usiwe na mjadala: kila mtu akaguliwe, kisha akaguliwe tena na mtu mwingine, na anayetoka nje ya eneo akirudi akaguliwe upya. Uwanja usiofanya hivyo, ondoka na usidai nauli.

Inamfaa mwenye ustadi wa kati, na inamfaa sana anayebeba mahali penye watu wengi au anayebeba akiwa na familia.

5. Mkono mtupu

Inashangaza watu kuikuta njia hii kwenye orodha ya wabeba bastola, lakini hoja ni rahisi. Mtu akikusukuma kwenye foleni ya kituo cha mafuta, sheria kwa kawaida haikuruhusu kumjibu kwa nguvu inayoweza kuua. Asiye na kingine ila bastola ana jibu moja tu, na jibu hilo ni haramu katika ugomvi mwingi. Pia umbali ule wa urefu wa gari mara nyingi huishia kifuani, watu wameshikana, na bastola iko kati yenu. Hapo anayejua kusimama, kujikwamua na kuushika mkono wa mwenzake ndiye atakayeamua bastola inakwenda wapi.

Jiu-jitsu ya Brazil ina faida moja kubwa: kila siku unapambana na mtu anayekataa kwa nguvu zake zote. Ndondi vilevile. Krav Maga, mbinu za kujitetea zenye asili ya Israel, inazungumzia silaha moja kwa moja, lakini ubora wake unatofautiana mno kati ya ukumbi na ukumbi. Tazama kama kuna mapambano ya kweli au ni kuigiza tu. Presha ni ya juu. Uamuzi unakuja kwa njia ya pembeni: mtu anayezoea kukabwa kila wiki hupunguza hasira na kiburi, na nimeona hilo kwa watu wengi. Sheria haifundishwi, wala yanayofuata. Gharama ni dola 100 hadi 200 kwa mwezi, na usidanganywe, ni kazi ya miezi mingi. Magoti na mabega yanaumia, hasa ukiwa umevuka miaka 45. Tafuta ukumbi wenye darasa la wanaoanza na usione haya kugonga mkeka mapema, yaani kukubali umeshindwa kabla hujaumia.

Anayetaka kuunganisha njia hii na ile ya nne, kozi ya ECQC ya Craig Douglas inafanya hivyo: maneno, kushikana, na bastola za rangi kwa pamoja. Ni ngumu kimwili. Isiwe yako ya kwanza.

Nyongeza mbili za bei ndogo

Mazoezi makavu nyumbani, yaani bastola tupu, risasi zote zikiwa chumba kingine, ukutani pa kulenga pawe pa kusimamisha risasi endapo umekosea. Dakika 10 mara chache kwa wiki hufanya kazi kubwa. Na darasa la Stop the Bleed, kampeni iliyozinduliwa mwaka 2015, linafundisha kuzuia damu kwa mkanda na vitambaa kwa saa moja au mbili, mara nyingi bure. Ajali za barabarani ni nyingi kuliko mashambulizi, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa utautumia mkanda huo kabla hujaitumia bastola.

Ukiwa katika hali hii, anza hapa

Dereva wa lori anayevuka majimbo: darasa la kibali kwanza, tena lenye wakili, na usipange kuingia New York au New Jersey na bastola kwa kutegemea kibali cha kwenu. Ukishatulia kwenye sheria, mazoezi ya mtu kwa mtu yatakusaidia kwenye vituo vya kulala malori, ambako wageni hugonga kioo cha gari usiku wa manane na wengi wao wanaomba tu.

Muuguzi au mhudumu wa wagonjwa: waajiri wengi hawaruhusu silaha kazini, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku yako huna bastola. Jiu-jitsu ndiyo itakayokuwa nawe wodini na kwenye maegesho. Ongeza pilipili ya kupuliza, ambayo majimbo yote 50 yanairuhusu kwa masharti tofauti. Kozi ya bastola ije baadaye, na ijumuishe namna ya kuifungia ndani ya gari, maana bastola nyingi huibiwa humo.

Mwenye duka au kituo cha mafuta: kozi ya bastola, kisha mtu kwa mtu penye kaunta na wateja. Kilicho nyuma ya shabaha yako ni mteja wako. Jadili na wakili wako pia lini utamwachia mwizi pesa aondoke nazo, na uamue hilo ukiwa umetulia.

Mzazi wa watoto wadogo: kabla ya kozi yoyote, sanduku la chuma lenye kufuli. Halafu darasa la kibali na kozi ya wikendi. Mashindano yanaweza kusubiri.

Mwenye pesa kidogo: darasa la kibali, mazoezi makavu, Stop the Bleed, na mechi moja ya IDPA kila baada ya miezi miwili. Kijana Elisjsha Dicken, aliyemzuia muuaji katika jengo la maduka la Greenwood, Indiana, Julai 17, 2022, hakuwahi kuwa polisi wala askari. Babu yake ndiye aliyemfundisha.

Aliyekwisha kuwa na shabaha nzuri na miaka ya mashindano: usinunue kozi nyingine ya kufyatua. Nenda ukajaribiwe na mtu anayekujibu, hata kama utarudi umepakwa rangi.

Anayejiona ana hasira za haraka, au anayepita kipindi kizito cha huzuni au ulevi: acha bastola kwa kipindi hicho, iwekwe nje ya nyumba, na uanze na ukumbi wa mazoezi ya mwili. Nasema hivi kwa upendo, kwa sababu vifo vingi vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua wenyewe.

Anayepanga kurudi nyumbani: ustadi unasafiri, kibali hakisafiri. Kenya ina wamiliki wenye leseni na ina IDPA pia. Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, unajulikana. Wenye leseni walionekana Westgate, jengo la maduka la Nairobi lililoshambuliwa na magaidi Septemba 21, 2013, pale Abdul Haji alipoingia na bastola yake kusaidia kutoa watu. Lakini leseni hiyo hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na kibali cha Texas au Minnesota hakikupi haki yoyote Nairobi wala Dar es Salaam. Na kabla ya safari, kung'uta begi ulilokuwa ukienda nalo uwanjani, mfuko kwa mfuko. Risasi moja iliyosahaulika chini ya kitambaa inatosha kukukamatisha uwanja wa ndege.